Nani Akate Mikaratusi ya Kanisa?

Chukua usharika mmoja wa Kilutheri kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro, ukanda wa migomba na kahawa ambako huwezi kutembea nusu saa bila kukutana na mnara wa kanisa. Sitautaja jina, kwa kuwa nimeuunganisha kutoka sharika kadhaa. Wasemaji wake nao nimewaunganisha vivyo hivyo, kutokana na maneno yanayosikika nje ya kanisa wakati mnada wa ndizi na mayai ukiendelea na watu wazima wamejitenga kivulini kubishana. Ubishi wenyewe ni wa kweli kabisa.

Usharika huu una shamba la mikaratusi, lililopandwa na wazee waliotangulia ili kanisa lisiishi kwa bahasha za ahadi peke yake. Shamba linateremka bondeni hadi kwenye chemchemi, na hapo ndipo kijito na mfereji vinapoanzia. Upande wa juu ipo sekondari ya bweni ya kanisa, na jiko lake linakula kuni za mikaratusi hiyo hiyo. Sasa marafiki wa usharika walioko Ujerumani wameandika barua: wako tayari kutoa fedha za miche.

Kupanda miti si jambo la kubishaniwa tena katika Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Askofu Fredrick Shoo, aliyekuwa Mkuu wa KKKT kabla ya Askofu Alex Malasusa, alilihubiri hilo miaka na miaka hadi akaitwa askofu wa miti, na katika sharika nyingi watoto wa kipaimara wamepanda miche kama sehemu ya mafunzo yao. Kilichofika mbele ya Baraza la Wazee wa usharika wetu ni kigumu zaidi. Kijana mmoja ameomba kanisa likate mikaratusi yote iliyo karibu na chemchemi na kupanda miti ya asili kama mringaringa mahali pake. Mhazini akawa wa kwanza kusimama.

MHAZINI: Bwana Yesu asifiwe. Mimi nitasema la hesabu, theolojia nawaachia wenye kola. Mikaratusi ile ndiyo iliyoezeka kanisa hili mnalokalia. Nguzo zake zilijenga nyumba ya mwinjilisti. Bei ya kahawa ilipoanguka na bahasha zikarudi tupu, miti ile ililipia ada watoto yatima wetu. Mkaratusi ukiukata, kisiki kinachipua chenyewe, na baada ya miaka michache una nguzo tena. Hiyo miringaringa mnayoitaka, mbao zake mimi nitaziona nikiwa wapi? Na mwinjilisti atakula nini kwa muda wote huo?

KIJANA: Asifiwe. Shikamoo, mzee wangu. Nimesomea misitu pale Olmotonyi, na sikufundishwa kuuchukia mkaratusi. Ukiupanda kwenye kilima kikavu, mbali na maji, ni mti mzuri wa kuni na nguzo. Shida ni pale ulipo. Unakua haraka kwa sababu unakunywa haraka, na pale bondeni mizizi yake iko ndani ya maji kiangazi na masika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, imeweka mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa. Sisi hatujaacha hata mita kumi. Tungekuwa kampuni, wazee hawa hawa mngekuwa mmeshaandamana hadi ofisi ya wilaya.

MHAZINI: Miti ile ilipandwa kabla ya sheria.

KIJANA: Na chemchemi ilikuwepo kabla ya miti.

Hapo watu walicheka, na mhazini akakaa. Kwa maoni yangu alikaa mapema mno, kwa sababu hoja yake haikuwa imejibiwa. Ukisoma maazimio ya makanisa kuhusu mazingira, kuanzia waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015, Laudato Si', hadi matamko ya Shirikisho la Kilutheri Duniani, utakuta maneno mazito kuhusu kilio cha dunia na kilio cha maskini. Hutakuta mshahara wa mwinjilisti. Lakini usharika unaishi kwa kitabu cha hazina, na mti unaoingiza fedha hauondoki kwa mahubiri.

MHAZINI: Sijamaliza. Mnanipigia kelele za mita 60, na huku aliyechoma dunia hajaitwa hata kwenye kikao. Mmisionari Johannes Rebmann alipoandika mwaka 1848 kwamba ameona theluji karibu na ikweta, wasomi wa London walimcheka. Theluji ilikuwepo. Mwaka 1912 Wajerumani wakaichora kwenye ramani, na kufikia 2007 asilimia 85 ya barafu ile ilikuwa imekwisha. Tumeiyeyusha sisi kwa mafiga? Mjerumani mmoja, kwa wastani, anarusha hewa ya ukaa zaidi ya mara 20 ya Mtanzania mmoja. Halafu huyo huyo ananiandikia barua, ananiletea miche, na anataka bango lenye jina lake. Haki ya tabianchi ni alipe. Alipe kama Zakayo, mara nne!

MCHUNGAJI: Mzee, umenitangulia kwenye mahubiri yangu ya Jumapili. Lakini Zakayo alipoahidi kurudisha mara nne, alikuwa ameshashuka mtini. Msaada wa miche wenye bango ni wa mtu anayelipa akiwa bado juu ya mkuyu. Hilo tutawaandikia ndugu zetu wa Ujerumani, kwa upole na bila kuficha. Serikali za dunia zenyewe zilikubaliana Sharm el-Sheikh mwaka 2022 kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu, na mwaka uliofuata kule Dubai wakaufungua. Kwa hiyo kudai si utovu wa adabu. Ni deni linalotambulika.

MHAZINI: Shilingi ngapi zimefika hapa kijijini?

MCHUNGAJI: Hapa, sijaiona hata moja.

KIJANA: Naomba kusahihisha jambo moja kuhusu theluji, maana tukilikosea tutatibu ugonjwa usio wetu. Maji ya mifereji yetu hayatoki kwenye barafu ya kilele cha Kibo, labda kidogo sana. Yanatoka msituni. Mvua kubwa ya mlima huu inanyesha kwenye mkanda wa msitu, na huko juu zaidi miti inaunasa ukungu, unadondoka chini tone kwa tone hadi ardhi inashiba. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyeutafiti mlima huu miaka mingi, ameonyesha kwamba moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita. Mnaukumbuka moto wa Oktoba 2020, ulioonekana usiku kutoka Moshi mjini. Barafu nayo inaisha kwa sababu zaidi ya moja. Hewa ya kule juu imekuwa kavu tangu mwishoni mwa karne ya 19, halafu joto la dunia likaongezeka juu yake. Kwa hiyo Ulaya ina deni, sikatai. Ila kiberiti kinachochoma msitu hakitoki Ulaya.

Nampenda kijana huyu kwa sababu anaharibu hoja nzuri pale zinapokuwa na kosa, hata zile za upande wake. Picha ya kofia nyeupe inayoyeyuka imetumika kwenye kila kalenda na kila ombi la ufadhili, na imefanya watu waamini kwamba barafu ikiisha mito itakauka siku ya pili. Usharika unaoamini hivyo hukaa kuusubiri msiba badala ya kuulinda msitu.

Mzungumzaji aliyefuata hakuwa mshiriki wa usharika huu. Alikuwa mzee wa kanisa kutoka tambarare, upande wa Kahe, aliyekuja kwenye mazishi na akaombwa abaki kikaoni kwa heshima.

MZEE WA TAMBARARE: Ndugu zangu, nawashukuru kwa kunipa nafasi. Babu yangu alizaliwa hapa juu. Kihamba, shamba letu la ukoo, kilipogawanywa, kikagawanywa tena, baba yangu akapata kipande kisichotosha migomba ya kulisha familia, akashuka tambarare. Kwa hiyo mimi ni wa kwenu. Nimewasikia mkimhesabia Mjerumani makosa yake, na mmehesabu sawa. Sasa niseme na mimi. Nyanya zenu mnazimwagilia mchana kutwa, na mikaratusi yenu inakunywa usiku na mchana. Kinachobaki ndicho kinachotufikia. Mwezi wa tisa mfereji wetu una vumbi. Wakulima wa mpunga wa Chekereni wanagombana na wa mahindi, wa mahindi wanagombana na wafugaji, na mbele yetu kuna Bwawa la Nyumba ya Mungu lenye wavuvi wake, halafu mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, wote wanasubiri maji hayo hayo. Mimi sijawahi kumwona huyo Mjerumani. Kwetu sisi, Ujerumani ni ninyi.

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko adabu inavyoruhusu. Mhazini alifungua daftari lake, akalifunga.

Kwangu mimi hapa ndipo mjadala wa kanisa na tabianchi unapopaswa kukaa, na ndipo mara nyingi haukai. Kanisa la Afrika limejifunza kuzungumza vizuri sana juu ya haki inayotoka nje, na ni haki ya kweli: bara zima linachangia asilimia 4 hivi ya hewa chafu ya dunia. Lakini kila usharika wenye ardhi ni tajiri wa mtu fulani. Uko juu ya mfereji wa mtu. Una shamba ambalo kijana asiye na kihamba analiangalia kila siku akienda kibaruani. Ukidai mara nne kutoka Ulaya na hujui aliye chini yako anapata ndoo ngapi, umeshika nusu ya Injili ya Zakayo.

MCHUNGAJI: Tumeambiwa ukweli. Mzee, zamani mfereji ulikuwa na mlinzi wake, zamu zake na nduwa ya kukusanya maji ya usiku. Mwenye zamu ya alfajiri hakuiba ya jioni. Leo kila mtu ana bomba lake la plastiki.

MAMA WA JIKO: Baba Mchungaji, naomba na mimi niseme kabla hamjafunga kwa sala. Nimekuwa msimamizi wa jiko la sekondari na ni mwenyekiti wa wanawake. Mmesema miti, mmesema theluji, mmesema Zakayo. Hakuna aliyeuliza makande ya wale watoto yanaivaje. Njooni saa kumi alfajiri. Mtakuta wapishi wangu wawili wameinama kwenye mafiga, kuni za mikaratusi hazijakauka, moshi umejaa hadi kwenye kenchi, dari jeusi linang'aa kama lami. Mmoja anakohoa tangu mwaka jana. Akitoka kupumua anajifuta macho kwa kanga, anarudi ndani. Mkikata mikaratusi ya chemchemi mnakata kuni zangu, na mimi sikatai, mkate. Lakini kabla ya shoka niambieni naenda wapi. Nusu Maili?

Kwa msomaji wa mbali, Nusu Maili ni ukanda wa msitu uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wa vijiji vya mlimani wapate kuni, majani ya ng'ombe na nguzo bila kuingia msitu wa hifadhi. Mwaka 2005 Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipanuliwa, ikauchukua msitu wote pamoja na ukanda huo. Waliopoteza zaidi ni wanawake, kwa sababu kuni na majani ni kazi yao. Hili nalo ni suala la haki ya mazingira, na halina Mzungu ndani yake. Msitu umelindwa, na gharama ya ulinzi imewekwa kichwani kwa mama mwenye mtoto mgongoni.

MAMA WA JIKO (anaendelea): Serikali ilishasema taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, mwisho Januari 2024. Sisi tuko pale pale. Mkakati wa Taifa unasema asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Sawa. Nimepiga hesabu ya mitungi ya gesi, ile mikubwa ya kilo 38. Inaletwa na meli, bei inapanda bila kuniaga, na mhazini akisikia bei hiyo atashika kifua. Ila shule ina ng'ombe, na ina vyoo vya watoto wote wale. Kuna watu huku mlimani wanapikia biogesi ya ng'ombe wawili tu wa zizini. Kwa nini kanisa lipande miti elfu moja ambayo haitapikia mtu, na lishindwe kujenga mtambo mmoja?

MHAZINI: Mtambo unahitaji fundi, saruji na mabomba. Fedha iko wapi?

MAMA WA JIKO: Kwenye barua ya Ujerumani, mzee. Waandikieni kwamba miche tunaotesha wenyewe, wao wajenge jiko. Na wakati tunangoja, nimeshaanza na kisichohitaji mfadhili: mahindi na maharage naloweka usiku kucha, na kuni zinapangwa chini ya bati zikauke miezi kabla hazijachomwa. Mzigo uliokuwa wa siku tano sasa unakaribia wiki. Hamkuona kwa sababu hakuna aliyepiga picha.

Ningeweza kuufunga mjadala hapa na kumpa mama huyu ushindi. Katika mambo yote yaliyosemwa, hili la jiko ndilo pekee ambalo usharika unaweza kulianza kesho asubuhi, na lina faida ya papo hapo kwa mapafu ya watu wanaojulikana kwa majina. Lakini mchungaji alikuwa na lake moyoni, na kijana alikuwa na mengine.

MCHUNGAJI: Mimi naogopa jambo moja. Naogopa kanisa ligeuke mradi. Leo jiko, kesho mtambo, keshokutwa ofisi ya mazingira yenye gari. Mambo ya Walawi, sura ya 25, haizungumzii miradi. Inazungumzia ardhi kupumzika mwaka wa saba, na wenye ardhi kukumbuka kwamba wao ni wapangaji. Mwaka 1991, makanisa ya Kiafrika kule Masvingo, Zimbabwe, yaliunda umoja wa kuitunza ardhi, yakapanda miti ndani ya ibada ya Meza ya Bwana. Kabla ya kushiriki, watu waliungama dhambi zao dhidi ya ardhi: kukata miti ovyo, kulima kingo za mito. Sisi tunaungama mambo mengi. Hilo sijalisikia.

MHAZINI: Yaani mnikatalie Meza ya Bwana kwa sababu ya nguzo?

MCHUNGAJI: Hapana, mzee. Ningependa tu tuzitaje nguzo kabla ya kuishiriki.

MZEE WA TAMBARARE: Mtaje na saa za mfereji.

KIJANA: Baba Mchungaji, ibada bila ukuta haitoshi. Kaskazini mwa Ethiopia, mashamba yamekula karibu misitu yote, na ile iliyobaki imesimama kuzunguka makanisa ya Kiorthodoksi, vipande vidogo vya kijani katikati ya ardhi iliyonyolewa. Imani iliilinda kwa karne nyingi. Hata hivyo ng'ombe walikuwa wanaingia na kula miche yote, msitu ukawa wa wazee watupu. Alemayehu Wassie, mtaalamu wa misitu wa huko huko, alikaa na mapadri wakakubaliana kujenga kuta za mawe, na mawe yenyewe yakatoka mashambani kwa wakulima waliokuwa wanataka kuyaondoa. Sisi kila masika tunapanda, tunaimba, tunapiga picha. Mwezi wa tisa mbuzi wamemaliza. Naomba usharika uache kuhesabu miche iliyopandwa. Tuhesabu iliyo hai baada ya miaka mitatu, na takwimu hiyo isomwe mbele ya washarika kama mapato ya sadaka yanavyosomwa.

Mhazini alitabasamu kwa mara ya kwanza. Huwezi kumchukia mtu anayetaka kusomewa hesabu.

KIJANA: La pili ni bati. Kanisa letu lina urefu wa mita 30 na upana wa 15, ni mita za mraba 450. Mvua ya milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mahali penye milimita 1,500 kwa mwaka, bati hili linapokea lita 675,000. Toa moja ya tano iliyomwagika, zinabaki lita 540,000. Yote hayo yanaanguka kwenye ua, yanachimba korongo hadi kwa jirani, halafu tunakwenda kugombea chemchemi. Gata na matangi yangetosha kunywesha ng'ombe, kuotesha miche na kuosha vyombo vya shule.

MAMA WA JIKO: Matangi si madogo hayo. Simtanki moja ya lita 10,000 itajaa kwa mvua moja kubwa.

KIJANA: Ndiyo maana nasema matangi, mama, wala hayatayapokea maji yote. Tuanze na mawili.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo kijana alilileta na ambalo kikao kililipita mbio: bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, ambalo TotalEnergies ina hisa asilimia 62, Tanzania na Uganda 15 kila moja, na Wachina wa CNOOC 8. Alitaka Baraza liiombe dayosisi itoe sauti. Mhazini alisema hiyo ni siasa. Mchungaji alisema kuna waumini waliopata ajira huko na wengine waliopokea fidia, hivyo jambo linahitaji busara. Kijana akauliza: tukiidai Ulaya ilipe kwa mafuta iliyochoma, tutasimama vipi mbele yake tukiwa na hisa zetu kwenye bomba jipya? Mhazini akajibu kwamba Ulaya ilijenga shule na hospitali zake kwa makaa ya mawe, na haioni aibu kutukataza yetu. Wote wawili walikuwa na hoja, na mchungaji akaahirisha. Nadhani alikosea. Busara inayoahirisha kila jambo kubwa inalifanya kanisa liwe na ujasiri kwa miche tu. Lakini namwelewa pia: mchungaji wa usharika anapokea barua kutoka juu na chini, na zote zina mihuri.

MHAZINI: Sasa nisikilizeni. Nakubali mikaratusi ya bondeni ikatwe, ila sikubali ikatwe bure. Tukate theluthi moja kwa mwaka, tukianza na iliyo jirani kabisa na chemchemi. Nguzo ziuzwe kwa mnada wa wazi, nje ya kanisa, kila mtu aone. Fedha isiingie mfuko mkuu, maana mfuko mkuu nitaula mimi mwenyewe kwa mishahara, nawaambieni kabisa. Ifunguliwe akaunti ya jiko na maji. Visiki vya pale vichomolewe au vibanduliwe magome visichipue, maana kuacha kisiki cha mkaratusi ni sawa na kutokukata. Na mikaratusi ya kilimani, iliyo mbali na maji, isiguswe. Hiyo ni mishahara.

KIJANA: Nimekubali, mzee wangu. Pale bondeni tupande mringaringa, mruka na mikuyu, na tuweke mizinga ya nyuki. Asali itaanza kuingia kabla ya mbao.

MHAZINI: Asali nayo inaandikwa kwenye leja.

MCHUNGAJI: Barua ya Ujerumani nitaiandika upya. Tutasema tunachohitaji ni mtambo wa biogesi na gata, na tutaomba nao watuambie wao wanapunguza nini kwao, katika majengo yao, magari yao na safari zao za ndege za kuja kututembelea. Urafiki wa sharika mbili usiwe wa mkono mmoja kutoa na mwingine kupokea.

MAMA WA JIKO: Na kamati ya akaunti hiyo? Nani anakaa?

MCHUNGAJI: Mhazini, mzee mmoja wa Baraza, mwakilishi wa vijana, na wewe.

MAMA WA JIKO: Mmoja wa wapishi wangu pia. Yeye ndiye anayekohoa.

MCHUNGAJI: Na mpishi.

MZEE WA TAMBARARE: Na mtu wa chini.

Mhazini alisema katiba ya usharika hairuhusu mshiriki wa usharika mwingine kukaa kwenye kamati ya fedha. Alikuwa sahihi, na kifungu akakitaja kwa namba. Mzee wa tambarare akajibu kwamba maji nayo ni ya usharika mwingine, na hayakuombwa ruhusa. Kijana alipendekeza aitwe mwalikwa bila kura. Mzee akakataa: mwalikwa bila kura ndivyo nchi maskini zinavyojiona kwenye mikutano ya tabianchi, alisema, na angalau wao hulipiwa hoteli. Mchungaji akaamua kumwandikia mkuu wa jimbo, kuuliza kama sharika zinazotumia mto mmoja zinaweza kuwa na kamati moja ya maji yenye kura sawa, ya juu na ya chini. Mhazini akataka barua hiyo ipite kwake kwanza, na mzee wa tambarare akataka nakala.